Kizaramo cha Uani kwa Bibi

Juzi nilishuka Kariakoo kumnunulia binti yangu sare za shule. Duka liko chini ya ghorofa refu, na wakati anapimwa sketi ndipo nikatambua tumesimama palipokuwa uani kwa bibi yangu. Hapo hapo binti akaniuliza, "Mama, salamu ya Kizaramo inasemwaje? Mwalimu kasema kesho kila mtu aje na salamu ya kabila lake."

Sikukumbuka hata neno moja. Na hapo, ndugu yangu, ndipo tulipokuwa tunafundishwa lugha hiyo hiyo!

Kila Jumapili asubuhi nilifagia ule ua na kuunyunyizia maji vumbi litulie. Bibi alikuwa jikoni anachemsha mihogo ya nazi, harufu inawafikia hadi wasukuma mikokoteni barabarani. Darasa lilikuwa wazo lake. Alichoka kuongea Kizaramo na dada yake huku wajukuu tunakodoa macho kama wageni.

Mtaa ulivyomuunga mkono, mpaka leo nashangaa. Seremala alitugongea mabenchi kwa mabaki ya mbao. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, Mchaga, akaleta ubao na chaki. Bibi alitamka, yeye akaandika kama alivyosikia, sisi tukasoma kwa sauti mpaka wapita njia wanachungulia. Wa kwanza kusoma sentensi nzima alikuwa binti wa huyo mwalimu, Mchaga mtupu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, Wazaramo," akatuambia, "mmeona?"

Wanafunzi tulipozidi, akaombwa muuza kahawa wa kona, Mzaramo wa upande wa Bagamoyo, aje kusaidia. Bibi alikuwa wa Kisarawe. Siku moja akatamka "mazi", mwalimu akaandika. Yule mzee akatikisa kichwa.

"Sisi kwetu tunasema maji."

"Maji ni Kiswahili, mzee wangu."

"Kwa hiyo mimi si Mzaramo?"

"Sijasema hivyo. Nasema hicho unachoongea kimeshachujuka."

Mwalimu akajaribu. "Mama, tuandike yote mawili."

"Watoto washike lipi?" bibi akauliza, na hakungoja jibu.

Mzee akawaita wajukuu zake, wakatoka. Jumapili iliyofuata na majirani zake hawakuleta watoto. Wazazi wakagawanyika, huyu wa bibi, yule wa mzee. Mwalimu alienda kwa mmoja, akarudi kwa mwingine, kila mmoja anataka mwenzake aanze kuomba radhi. Hakuna aliyeanza. Bibi akatufundisha sisi wachache tuliobaki mpaka naye akakata tamaa, na mabenchi yakawa ya kuanikia kanga. Alipofariki, wajomba wakauza nyumba.

Ndiyo maana naudhika. Wewe ungekuwa mimi usingeudhika? Hatukukosa kitu. Mabenchi yalikuwepo, chaki ilikuwepo, wajuzi walikuwepo, watoto tulikuwa na masikio mapya. Watu wasio Wazaramo walitusaidia kwa moyo mmoja. Wenye lugha wakagombania nani anaijua zaidi, na walipoondoka wakaondoka nayo, wote wawili.

Tulipofika nyumbani nikampigia mjomba. Akacheka. "Mwambie aseme hujambo, nani atajua?" Nikampigia shangazi, naye akanielekeza kwa mjomba.

Binti akaenda shuleni mikono mitupu. Wenzake wakasalimia Kisukuma, Kihaya, Kinyakyusa, darasa linawapigia makofi. Alirudi amenuna.

"Mwalimu kasema Wazaramo hatuna lugha yetu, tunaongea Kiswahili tu. Akaniambia nikae."

Nikavaa viatu, nikachukua mtandio, twende nikamuulize huyo mwalimu kayasikia wapi maneno hayo. Nilifika mlangoni, nikasimama. Niliona kabisa atakavyoniangalia kwa adabu zake zote, aniambie, "Sawa mama, karibu. Hebu tusalimie wewe."