Zambarau za Bi Mize

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa sikupenda kuvua ndara mbele za watu. Kwa sisi wa Kikwajuni hiyo ilikuwa tabu kubwa, maana kila mlango tulioingia viatu vilibaki nje: nyumbani, kwa majirani, chuoni tulikosoma Kurani. Chini ya mguu wangu wa kushoto, karibu na kisigino, nilizaliwa na baka jeusi lenye wekundu wa mbali, kama zambarau iliyokanyagwa. Chuoni nilikuwa naikalia miguu yangu mpaka inakufa ganzi, ili wenzangu wasilione.

Aliyenihimiza kulificha alikuwa Mama. Nilidhani ananionea haya mimi.

Mwaka ambao majumba ya Michenzani yalikuwa yameanza kupanda, baka nalo likaanza kukua. Likavimba ukingoni, likawa linatoka damu nikikanyaga changarawe. Baba, ambaye alikuwa kuli bandarini na mtu wa maneno machache, akatupeleka hospitali. Daktari aliugeuza mguu na kuugeuza, akasema baka kulikata hawezi yeye, asubiriwe daktari wa ngozi anayekuja kwa zamu kutoka Bara. Akifika, tutaitwa. Halafu akasema huenda ni saratani.

Tangu siku ile Mama hakula cha maana. Chai alikuwa akiimimina, akaisahau mpaka ikapoa. Kila alfajiri, kabla hajatia udhu, alikuja kitandani kwangu akaugeuza mguu kuutazama, nami nikajifanya nimelala.

"Tusubiri tu," Baba alimwambia. "Kuna jengine la kufanya?"

"Lipo," Mama akasema.

Kesho yake alinivisha gauni la Idi, yeye akavaa buibui lake, tukapanda gari la shamba kwenda Tunguu, walikokuwa wakikaa yeye na Baba kabla sijazaliwa. Njiani ndipo aliponieleza. Wazee wetu waliamini kuwa mwenye mimba akishikwa na uchu, akala kitu cha mtu kwa wizi, basi pale atakapokificha mwilini mwake ndipo mtoto atakapotoka na alama. Na alama hiyo haitulii mpaka mwenye kitu amhalalishie aliyekiiba. Nilimuuliza yeye alificha nini. Akatazama nje.

Bi Mize, aliyekuwa jirani yake zamani, tulimkuta uani kwake anasuka ukili wa mikeka na wanawake wengine wawili. Mzambarau wake ulikuwa pale pale nyuma yao.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetukumbuka. Karibu jamvini."

Mama hakukaa jamvini. Alipiga magoti mchangani na buibui lake, mbele ya wale wanawake.

"Nnakuja kukutaka radhi," akasema. "Nlipokuwa na mimba ya huyu, nliingia humu uani nkakuibia zambarau. Ukatoka ndani, nkaona haya. Ile ya mwisho nkaikanyaga usiione. Zuwena, vua ndara."

Nikavua. Wale wawili waliacha ukili wao wakainama kuutazama unyayo wangu, na mmoja akasema astaghfirullah, polepole. Mpaka leo nikiikumbuka sauti yake masikio yananiwaka. Niliuonea haya mguu wangu, na kuliko mguu nilimwonea haya Mama. Nilitamani ardhi inimeze, mimi peke yangu, yeye nimwache hapo hapo na magoti yake.

Bi Mize mguu hakuutazama. Alikuwa akimtazama Mama.

"Zambarau zipi, mwanangu? Zile nlikupa mie. Nlikuona umesimama pale mlangoni unazitazama, nkakwambia ingia uokote, mwenye mimba hanyimwi. Umesahau?"

Mimi nilifurahi. Nilidhani Mama naye atafurahi, kwani ametakaswa mbele ya mashahidi. Badala yake uso ulimshuka. Akasema hakupewa, aliiba. Bi Mize akasema alimpa, na kikapu akamtolea. Hapo Mama akamshika mikono miwili.

"Basi sema nliiba," akasema, analia. "Sema nliiba, halafu nihalalishie. Kama si mie, Bi Mize, basi ni nini?"

Wale wawili wakainamia ukili wao. Sasa Bi Mize akautazama mguu wangu.

"Uliiba," akasema. "Na mie nshakuhalalishia, duniani na akhera."

Mama akajifuta uso, akakaa jamvini. Ulipoletwa muhogo alikula mpaka akaongezewa.

Daktari wa ngozi alikuja, akalikata baka na nyama ya kandoni mwake. Majibu yalikawia, na yalipofika yalisema ilikuwa saratani kweli, ila imewahiwa. Nachechemea kidogo mpaka leo. Baba alisema ni kisu kilichoniponya. Mama hakubishana naye, lakini kila msimu wa zambarau alipeleka kitu Tunguu, mpaka Bi Mize alipofariki.

Habari hii sikumsimulia mtu, hata mume wangu. Nilimwona Mama siku ile amejidhalilisha bure, kwa kosa ambalo hata hakulifanya, na mimi akanidhalilisha naye.

Sasa binti yangu ana doa mgongoni lililobadilika rangi. Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Yeye analala vizuri. Mimi nakaa jikoni na chai iliyopoa, napekua miezi yote niliyombeba tumboni, natafuta nilichoiba. Nimepata vitu vidogo vidogo, na wenyewe wote wameshakufa.

Naona haya kusema, lakini jana, alipokuwa anasali, niliuangalia mgongo wake nikamwonea Mama wivu. Yeye alikuwa na Bi Mize.