Pedali Iliyotangaza Kifo Harusini

Hii aibu nimeibeba miaka, na hata leo nikimwona mtu wa upande wa kina Mutua pale mjini navuka barabara haraka haraka, lakini kwa vile mmeniuliza kwa nini wananiita Mtangazaji, wacha niwaambie mwenyewe kabla mtu mwingine hajawaongezea chumvi.

Nilikuwa nikipiga gitaa kanisani kwetu Kabiria, miaka ile ya simu za mulika mwizi. Karis, mpiga ngoma wetu, alikuwa na dadake ng'ambo, na huyo dada (hajui tofauti ya ngoma na gitaa, Mungu ambariki) akamtumia pedali. Pedali ni kidude cha chuma, kama mkebe wa dagaa hivi, kinakaa chini kati ya gitaa na spika, na ukikikanyaga sauti inanenepa na kukwaruza kidogo, kama mtu aliyeimba mpaka koo likakauka. Na hii haikuwa pedali ya hivi hivi. Zile za kwanza zilitengenezwa kabla hatujazaliwa, zikaachwa, wapiga gitaa wakazisaka kama dawa, na sasa kampuni ilikuwa imezitoa upya, rangi ileile, matumbo yaleyale. Mimi nilikuwa nimesoma habari zake kwenye majarida ya mtumba mpaka kurasa zikalegea, na nilitaka kujua kitu kimoja tu: ni kweli inashinda zingine, ama ni watu tu kupenda vya zamani?

"Enda nayo," Karis akaniambia, "lakini jaribia kwa nyumba kwanza, sawa?"

Sawa. Lakini kesho yake asubuhi stima ikapotea Kabiria yote, spika haiwaki, na mchana tulikuwa tunapiga harusi ya binamu yangu Wanjiru huko Karen, kwenye bustani ya kukodi, kwa hivyo nikajiambia nitaijaribia hukohuko, wimbo mmoja tu, nani atajua? Nikapitia River Road kununua waya mrefu wa gitaa, ule wa bei ya kutupa, maana niliambiwa spika itakuwa mbali.

Bibi harusi alipokuwa akiingia nikaikanyaga. Jameni! Shosho mmoja mwenye mvi aliacha kupiga vigelegele akaangalia juu kama anayetafuta ndege. Karis akanitolea macho nyuma ya ngoma, halafu akacheka.

Viapo vilipokaribia nilipaswa kuizima. Sikuizima. Nilitoa mkono kwenye nyuzi nisikie vile inavyonyamaza (wapiga gitaa mtanielewa), na kulikuwa na mvumo mdogo, na ndani ya mvumo kitu kama mtu anaongea mbali sana. Sasa mimi na udadisi wangu, badala ya kuogopa, nikaongeza sauti.

Pasta akauliza kama kuna mwenye pingamizi aseme sasa. 

Spika ikasema, kwa sauti nzito ya mwanamume asiye na haraka: "...kwa majonzi tunatangaza kifo cha mzee wetu mpendwa, baba yake Mutua..."

Mutua ndiye aliyekuwa bwana harusi. Babake alikuwa amekaa safu ya mbele, suti ya kahawia, soda mkononi. Dada ya mzee akapiga kelele, "Wui! Ndugu yangu!" akamrukia shingoni, soda yote ikamwagika kwenye suti.

"Niache, si uko na mimi hapa?" mzee akasema.

"Lakini spika imesema!"

Nikakimbilia kuizima, mguu ukanasa kwenye ule waya, nikaanguka mbele ya maua ya harusi gitaa ikiwa tumboni, na hapo juu yangu sauti ikaendelea kusema mazishi yatafanyika wapi. Karis ndiye aliyechomoa waya. Wanjiru akaniangalia kupitia shela yake. Hakuhitaji kuuliza ni nani aliyemharibia harusi.

Pasta akanipa maikrofoni nieleze. Nikasema si mimi, ni pedali, imeshika redio. Dada ya mzee akasimama. "Pedali ni nini? Basi iseme tena tusikie!" Nikarudisha waya, nikashika nyuzi vizuri, nikakanyaga. Kimya. Nikakanyaga tena. Kimya kabisa. "Mnaona?" akasema, "huyu kijana anamtakia ndugu yangu mabaya!" Minong'ono ikaanza upande wa kina Mutua, watu wengine wakachukua mikoba.

Ndipo mzee mwenyewe akaja, akainama na suti yake iliyolowa akaangalia kile kidude.

"Wakati ule ulikuwa umeshika wapi?"

"Sikuwa nimeshika, mzee. Nilikuwa nimetoa mkono."

"Basi toa."

Nikatoa. Sauti ikarudi, sasa ikitangaza mtu mwingine kabisa, wa mbali. Mzee akasikiliza, kichwa upande.

"Hii ni redio, yale matangazo ya vifo ya mchana, nayasikizanga kila siku," akasema. Akaichukua maikrofoni. "Si mimi. Ni baba ya Mutua mwingine. Pasta, hebu tuombee hao watu."

Na Pasta akaombea familia tusiyoijua, katikati ya harusi, sote tumeinamisha vichwa, dada ya mzee akilia polepole. Baada ya amina mzee akasema, "Sasa malizia haraka kabla hawajanitaja tena," na bustani yote ikapasuka kwa kicheko.

Baadaye niligundua ni ule waya, ulikuwa hauna kinga ndani ya kuzuia mawimbi ya redio, na mnara wa redio hauko mbali na Karen; mkono wangu kwenye nyuzi ndio uliokuwa ukiyanyamazisha. Nilipoweka waya mzuri, pedali ikatulia. Na swali langu? Ni kweli, inashinda zingine zote, ingawa hakuna aliyekuwa kwenye ile harusi anayeweza kuwaambia ilivyolia, wote wanakumbuka lile tangazo tu.

Siku hizi nikiitwa harusini naenda na gitaa kavu, haina waya, haina kidude. Nakosea noti mara kwa mara, hilo nakubali, lakini bado sijamuua mtu.