Jicho Jekundu Matangani

Jicho langu la kushoto lina konea ya marehemu mmoja nisiyemjua. Ya kwangu, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ilikuwa ikikonda na kuchongoka mwaka hadi mwaka, mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nami ni mshonaji. Nikavuka ziwa, nikapandikizwa Dar es Salaam, nikarudi kwetu Kalemie naona vizuri hadi nikaanza kuisengenya mishono ya wenzangu. Daktari alinionya: hata baada ya miaka mingi mwili unaweza kuikataa. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiona ukungu, njoo mbio.

Miaka ikapita salama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi huyu wangu nilimpa cherehani. Jicho la kulia lilikuwa limeshachoka zamani, kwa hiyo riziki yote ilikuwa juu yake.

Kisha baba, mstaafu wa reli, akafariki. Kwetu binti wa marehemu huketi mkekani akalia, hatumwi kitu. Moshi wa kuni uliingia ndani na kila mama alikuwa na macho mekundu. La kwangu liliwaka, likachuruzika, na mwanga wa mlangoni ukalichoma. Nikamwambia shangazi, dada yake baba, kwamba naona ukungu.

"Lia tu, mama," akasema. "Ni baba yako njo amekufa. Nani anafiwa na anaona muzuri?"

Nikamwamini, maana hata mimi sikujua ni kilio au ni konea. Nililia, au jicho lililia, hadi matanga yalipoondolewa. Macho ya wenzangu yakatakata. Langu likabaki jekundu.

Hospitalini hapa kwetu daktari alilimulika. "Mama, jicho ilianza kukuuma wakati gani?"

Nilichanganyikiwa. Siku ya habari? Siku ya maziko? Yapi yalikuwa machozi, yapi maji ya ugonjwa?

"Sijui, Dokta," nikasema, na nikakasirika kwa sababu ulikuwa ukweli.

Matone ya kila saa yaliokoa nusu ya kuona kwangu. Nguo nakata, sindano natungiwa. Daktari anasema huenda nikahitaji konea nyingine, na huenda hiyo nayo ikakataliwa. Kwa nini mwili hukataa, hilo nimekubali kutolielewa. Lakini shangazi bado ananisifia mbele ya wageni: hakuna binti aliyemlilia baba yake kama mimi. Kila akisema hivyo nainama. Nilimpenda baba, na sijui kama nilimlilia.