Twari la Akiba la Baba

Baba yangu, Anwar Said, alikuwa fundi wa makochi hapa Kisauni kwa miaka thelathini na miwili. Ukikalia kiti alichokivisha yeye, huchomwi na msumari. Alipenda kusema kwamba kazi mbaya ya fundi wa makochi hujulikana na makalio kabla ya macho, na mama alimkemea kwa neno hilo kila alipolisema mbele ya wateja. Hakuwa msemaji sana zaidi ya hapo. Alisali jamaa msikitini, alirudi nyumbani na vipande vya sponji nyweleni, na kila Alhamisi alikwenda kupiga twari kwenye maulidi.

Twari ni ile ngoma bapa ya duara, yenye ngozi upande mmoja. Baba alikuwa nayo mawili. Moja alilipiga, la pili lilikuwa la akiba.

Alifariki ghafla, akiwa kazini, kochi la mteja likiwa halijafungwa mgongo. Baada ya hitima, lile twari alilokuwa akilipiga tuliwapa wenzake wa maulidi. La akiba likabaki chumbani kwa mama, juu ya kabati, na hapakuwa na neno lolote juu yake mpaka alipokuja Margret.

Margret ni mteja wetu wa Mkomani, mtu wa Machakos, mwenye nyumba za kukodisha wageni. Alikuja kuchukua mito yake ya viti, akaingia ndani kumpa pole mama, ambaye yuko edani na hatoki. Ndugu yangu mdogo, Imad, anayeendeleza kazi ya baba, alikuwa amelitoa twari kulipangusa vumbi.

"Mama Imad, hii ngoma mtaniuzia?" akauliza. "Itakaa vizuri kwa ukuta, juu ya zile kochi mzee alinishonea. Wageni wakiuliza, nitawaambia ni ya fundi mwenyewe."

"Waulize hawa," mama akasema. "Mimi kila nikiliona moyo wanipasuka."

Imad akakubali papo hapo. Alisema bora litazamwe na watu kuliko kulala na vumbi. Mimi sikuwa mwepesi wa kukubali, lakini sikuwa na sababu ya kukataa. Warithi ni sisi watatu, na sote tuko hapa. Margret akaahidi kuja kulichukua Jumamosi.

Alipoondoka, nililigeuza twari kulitazama kwa mara ya mwisho. Ndani ya ubao wake wa duara palikuwa na herufi moja ya Kiarabu, imechomwa kwa msumari wa moto.

"Imad, hii ni nini?"

"Wau."

"Naona ni wau. Ya nini?"

Akainua mabega. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulifikiria neno. Misahafu ya msikitini kwetu imeandikwa ndani ya jalada: wakfu, neno linaloanza na wau. Hata birika za kutawadhia zimetiwa wau kitakoni, ili mtu asizichanganye na zake. Na kitu cha wakfu kimekwisha kutolewa kwa ajili ya Mungu. Hakiuzwi, hakirithiwi, wala mtu hakiweki chumbani kwake kikawa chake.

"Ni wakfu," nikasema.

"Dada, nawe! Kila kitu kwako ni msikiti."

"Basi niambie wewe ni wau ya nini."

Mama akasema, "Anwar hakuwa mtu wa kuchukua cha watu." Lakini alilisema kama anayeuliza.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa nzito kuliko siku ya maziko. Siku ya maziko nilijua baba amekwenda na nilijua alivyokuwa. Sasa kila nilipoinua mikono kumwombea, nilijiuliza kama yuko huko anaulizwa juu ya kitu tulichokuwa karibu kukiuza ili kitundikwe ukutani Mkomani. Imad alitaka tulirudishe msikitini kimyakimya, bila kusema na mtu. Nikamwambia kulirudisha kimyakimya ni sawa na kukiri. Mama hawezi kutoka, naye Imad aliona haya kwenda kuuliza watu kama babake alikuwa mwizi. Ijumaa asubuhi nikalifunga twari kwa kanga, nikaenda dukani kwa ami Awadh.

Ami Awadh ndiye anayewaongoza wapigaji wa maulidi, na duka lake ni la misumari, rangi na kamba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mamako yuaonaje?"

"Yuasema alhamdulillahi."

Nikaliweka twari juu ya meza na kulifungua. Kabla sijatia neno, akapiga makofi.

"Aa, wakili huyo! Wallahi nilidhani mumeshampoteza."

"Nani?"

"Huyu. Wakili." Akaligeuza, akaniwekea kidole juu ya ile wau. "Babako hakukwambia? Unyevu wa huku kwetu hulegeza ngozi, ikawa yalia kama kikapu. Basi moja hukaa karibu na jiko la makaa, lapata joto. La mtu likilegea, huyu huingia pahali pake na lile hupelekwa jikoni. Kama wakili wa bibi harusi, yuasimamia mwenziwe. Ndiyo tukamwita hivyo."

"Kwa hivyo wau si ya wakfu?"

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika rafu ya rangi. "Wakfu! Anwar angekusikia angekuvisha wewe kitambaa cha kochi. Ubao huu aliukunja mwenyewe."

"Na ngozi?"

"Ngozi ni ya mbuzi wa akika ya mwanao. Nilimshika miguu mimi, akichunwa."

Nikakaa juu ya gunia la misumari bila kujali. Shaza, binti yangu, ana miaka saba. Baba ndiye aliyemchinjia akika, mbuzi wa kushukuru kuzaliwa kwake, na mimi siku ile nilikuwa kitandani na mtoto kifuani, sikujua ngozi ilikokwenda.

"Sasa mbona wauliza leo?" ami Awadh akasema.

"Tumepata mnunuzi."

Kicheko chake kikakatika. "Ruwaida, ngozi ya akika haiuzwi. Wewe umesoma."

Kweli, nimesoma. Mwenyewe huitumia au huitoa, lakini haiuzi. Nililihifadhi jambo hilo kwenye chuo cha Kurani nikiwa msichana mdogo, na sikuwahi kudhani ngozi yenyewe ingekuwa juu ya kabati la mama. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetua ndoo mbili za maji. Baba hakuchukua cha mtu. Na swali la kuuza lilikuwa limekwisha jibiwa, bila mimi kugombana na ndugu yangu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika uso kwa ukaya.

"Nilimuuliza siku ile, ngozi iko wapi? Akanambia imo kazini. Nikadhani amemvalishia mtu kigoda."

Imad akampigia Margret, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Kwani bei imepanda?" Margret akauliza.

"Hapana, dada. Hatuliuzi." Akamweleza.

"Ngoja kwanza. Hiyo ngoma ni mbuzi ya mtoto?"

"Ndiyo."

"Sasa mimi niweke mbuzi ya mtoto wa watu kwa ukuta? Hapana, kaeni nayo. Nyinyi mko na mambo! Lakini mito yangu miwili bado, Imad. Usiniletee hadithi ya mbuzi."

Mama akaamua pale pale. Twari ni la Shaza. Alhamisi wapigaji walichukue, Ijumaa walirudishe. "Na mwambieni Awadh si sadaka, ni kuazima. Namjua Awadh na kuazima."

"Na ngozi ya akika yangu?" Imad akauliza. "Ilifanywa nini?"

"Zako zilikuwa mbili, mtoto wa kiume huchinjiwa mbuzi wawili kamili. Babako alizianika juu ya paa, kunguru wakazidonoa mpaka zikawa chekeche."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Nenda kamalize mito ya watu."