Namba ya Mtu wa Kabini

Watu wakisifia ordinatere, hizi kompyuta, mimi nanyamaza. Ndizo zinazonilisha, lakini kuna siku nilitamani kubeba moja niitupe ziwani.

Hospitali moja ndogo ya Nyalukemba iliniita niunganishe malipo ya simu na programu yake ya hesabu. Programu yenyewe muzee: inakaa kwenye ordinatere moja ya mezani, intaneti haijui ni mnyama gani, na aliyeiandika hayupo tena wa kuulizwa. Nikaishonea kiraka. Mtu akilipa, kiraka kinasoma namba iliyotuma, kinamtafuta mgonjwa mwenye namba ile, faktire yake ya deni inafutwa, na printa inatoa karatasi ya kutokea. Bila karatasi, sentinele hafungui geti. Direkteri akafurahi. Akaniambia nifunge pia njia ya kuandika malipo kwa mkono, "juu mikono ndiyo inaiba," na neno la siri la kusahihisha akabaki nalo peke yake. Nikafunga. Kazi ni kazi.

Asubuhi moja, nikiwa chumba cha hesabu, akaja dirishani pa kulipia mama kijana aliyejifungulia hapo, amebeba kitoto kichanga na furushi lake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Mumosho, na mazishi yalikuwa mchana uleule. Bwana yake anachimba dhahabu Luhwindja.

"Papa, bwana yangu ametuma. Franga zimefika?"

Simu ya hospitali ikalia palepale mezani. Zimefika, zote. Nikatabasamu, mjinga mimi, nikageukia printa. Printa kimya.

Huko machimboni nani anatuma kwa simu yake? Unampa mtu wa kabini, kile kibanda cha kutuma pesa, franga mkononi, yeye anatuma kwa namba yake. Sote tunafanya hivyo. Hata mama yangu hajawahi kutuma kwa namba yake. Sasa kulikuwa na mke wa mchimbaji mwingine, aliyejifungua hapo akatoka zamani. Hakuwa na simu, kwa hiyo aliandikisha namba ya mtu wa kabini yuleyule. Kiraka changu kikaiona namba, kikampa yeye malipo, na kwa kuwa hadaiwi kitu hakuna karatasi iliyotoka. Faktire ya huyu wa dirishani ikabaki vilevile. Nikajaribu kumwandikia namba ileile, programu ikakataa: namba moja, mtu mmoja. Kuyatoa malipo yalikoingia kulitaka neno la siri la direkteri.

"Zimefika, maman," nikasema. "Ila zimeingia kwa mtu mwingine."

"Mutu gani? Si munaziona?"

"Tunaziona."

"Basi munifungulie."

Mhasibu, mzee aliyezeeka pamoja na programu ile, alivua miwani. "Zamani ningeandika kwa kalamu, ikaisha," akasema, akaniangalia.

Direkteri alikuwa kwenye meli ya kwenda Goma. Katikati ya ziwa hakuna rezo. Nilimpigia, nikapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akinijibu kwa upole wake unaochefua. Nikaenda getini kumwomba sentinele. Baba wa watu, hakuwa mbaya. "Mimi nafunguliaka karatasi," akasema. "Mwenye alikuwaka hapa mbele yangu alifungulia maneno tu, walimufukuza." Sheria ile ilitoka kwenye mashini yangu.

Mama yule hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alisimama palepale dirishani, furushi begani, simu sikioni. Kaka yake alikuwa anamwambia shimo limekwisha kuchimbwa, padri ana mazishi mengine, mvua inakuja kutoka milimani.

"Mungoje kidogo," alisema kwenye simu. Kisha akanigeukia. "Papa, mimi nataka tu nimuone mama uso, mbele bafunike sanduku."

Mungu wangu Nyamuzinda! Nilibonyeza kitufe kilekile cha kuchapa kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa. Maji yalikuwa yamezidi unga, nami ndiye fundi aliyeitwa. Kila mtu pale alijua amelipa. Hakuna aliyebisha. Na hakuna aliyeweza kumtoa.

Simu yake ikalia tena. Alisikiliza, na kutoka kwenye ile simu ndogo hata mimi nilisikia watu wanaimba, halafu udongo unaanguka juu ya mbao. Akaishusha polepole.

Alasiri direkteri akashuka Goma, akapokea, akanipa neno la siri huku akiuliza kwa nini nimempigia mara nyingi hivyo. Nikaliandika. Kazi ya kufumba na kufumbua: printa ikanguruma, karatasi ikatoka. Nikakimbia nayo nje, nikamwita sentinele, geti likafunguliwa wazi.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, furushi limewekwa chini. Nikamnyooshea karatasi. Hakuipokea.

"Acha nimunyonyeshe kwanza," akasema. "Hakuna tena pahali kwenye niko nawahi."