Senene wa Kaka Niliwala Mimi

Vidonge vyangu vya pumu vilikuwa vya kutafuna, vitamu kama pipi, na kaka yangu alikuwa akivila kwa siri. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, vumbi la mabawa tuliyokuwa tukiyanyonyoa lilinibana kifua, nikalazwa hospitali ya Muleba. Nesi alinikataza kunyonyoa, siyo kula.

Niliporudi sikumshtaki kaka kwa wizi. Nilimwambia mama kwa huruma, “Kaka naye ana pumu, ila anaficha. Kila jioni anatafuna dawa yangu.”

“Ni kweli, baba?” mama akamuuliza kaka.

Angekataa angechapwa kwa wizi, kwa hiyo akakubali.

“Basi wewe hakuna kula senene mpaka daktari akupime kama mwenzako.”

Nilitafuna fungu lake mbele yake, mmoja mmoja, huku nikimpa pole.