Usimlilie Anayepumua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Nilikuwa bado kijana, nimeolewa hapo Matiliku, na kifungua mimba wangu Mutinda alikuwa darasa la pili. Alitumwa stoo kuleta mbaazi, akarudi akisema kitu kimemuuma mguu. Muda si muda kope zikaanza kumlegea, kisha ulimi, kisha pumzi. Nyoka! Baba yake akawasha pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia mtoto. Mungu ni mwema, tulifika hospitali akiwa hai, akalazwa ICU, bomba kooni, mashine ikimpumulia.

Daktari alituita kando. "Sumu hii inalegeza misuli. Hawezi kufungua jicho wala kusogeza kidole, lakini huenda anasikia kila kitu. Dawa tumempa, sasa tungoje."

Tukaitikia ndiyo, ndiyo, daktari. Unajua mtu mwenye hofu, neno huingia sikio hili likatokea lile.

Mtoto akilala vile, hashtuki hata ukimgusa, moyo unakataa kuamini kwamba yumo. Mimi nilimlilia kwa sauti. Shangazi yake, dada mkubwa wa mume wangu, mtu mwema sana lakini mdomo wake hauna breki, akasema palepale kando ya kitanda: "Ni vizuri tuamue mapema. Tutamzika karibu na kaburi la babu yake, ama kule chini kwenye mpaka wa shamba?"

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Susu kama watoto wanavyomwita nyanya, ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Lo! Mama yule alikuwa mpole, lakini siku hiyo alimkamata binti yake mkono kama mwizi wa sukari.

"Nyamaza! Si daktari amesema anasikia? Toka nje ukalie huko, na ukimaliza urudi na maneno mengine." Akanigeukia mimi. "Na wewe futa uso. Hapa hakuna matanga."

Sisi Wakamba mtoto hupewa jina la babu yake, basi nyanya humwita mjukuu "mume wangu". Ni utani wa kila siku. Susu akakaa, akaushika ule mkono mdogo, akaanza kugomba kama yuko jikoni kwake: "Mume gani wewe? Jua liko juu na umelala! Mbuzi wako amezaa mapacha, nani atawapa maji? Mimi na mgongo huu? Haki ya Mungu, nikipata mzee mwingine usinilaumu!"

Mwanangu, nilicheka. Ndani ya ICU, machozi yangali usoni, nilicheka, na muuguzi akacheka pia. Tangu hapo tuliingia kwa zamu, na sharti la Susu lilikuwa moja: ukiingia, mletee habari ya nyumbani. Baba yake alimweleza jinsi matuta ya shamba yalivyoshika maji ya mvua. Hata shangazi alirudi, akamwimbia nyimbo za kanisani.

Asubuhi moja, Susu akimgombeza kama kawaida, ukope ukacheza. Halafu kidole. Halafu akaanza kujipumulia mwenyewe.

Bomba lilipotolewa tulikuwa tumemzunguka sote. Alitutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwa shangazi yake. Kwa sauti ya kukwaruza akasema, "Shangazi, kule chini mimi sitaki. Kuna siafu."

Maskini shangazi alipiga magoti, akalia na kucheka kwa pamoja.

Basi shika hili. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mimi sisemi maneno yalimponya Mutinda. Dawa na mashine ndizo zilizomponya, na daktari usimdharau kamwe. Lakini mtoto alikuwa mle ndani peke yake, gizani, akitusikiliza aamue kama tungali tunamtaka. Kwa hiyo ukikaa na mgonjwa, hata amefumba macho, mwambie mambo ya kesho. Kilio kina mlango wake, nao uko nje.

Mungu akupe watoto watakaokujibu mpaka uzeeni, mwanangu. Na siku utakayolala wewe, asikosekane mtu wa kukugombeza uamke.